Mjomba Aliita Mara Mbili

Mjomba wangu hakuwa mtu wa porojo. Ukimsikia anasema maneno kumi mfululizo, jua anamgombeza mbuzi. Kwa hiyo siku aliponisimulia haya, kifua kikimsumbua kitandani, nilisikiliza. Nanyi sikilizeni. Asiyeamini, shauri yake.

Wakati wa vita alikuwa mtu wa redio. Kituo chao kilikuwa darasa la shule iliyofungwa, madawati yamesukumwa ukutani, redio tatu mezani. Ya ndege ilishikwa na mwanamke waliyemwita Mama Mawingu. Ya boti ilikuwa ya Kijiko, mwembamba huyo, mdomo haukauki maneno. Mjomba alishika ya askari wa nchi kavu.

Asubuhi ilianza vizuri tu. Kijiko alionja chai ya Mjomba akakunja uso. "Kaka, hii chai au umesuuza sufuria?" Wote wakacheka. Mjomba naye alicheka, lakini roho yake ilikuwa ufukweni. Boti zilikuwa zinashusha askari, na katika Kundi la Nne, watu kumi na tisa, alikuwemo mdogo wake wa mwisho, yule aliyemlea mgongoni. Mama yao alikuwa amemwambia neno moja tu: "Umrudishe."

Kazi yao ilikuwa na sheria. Kundi lililopotea hewani linaitwa mara tatu. Likikaa kimya, linapigwa mstari mwekundu daftarini, na marubani wanaambiwa pale hakuna mtu wetu.

Saa sita mchana mambo yakawa maji ya shingo. Mizinga ya adui ilikuwa inapiga boti kutoka kilimani, na Kundi la Nne, lililokuwa chini ya kilima hichohicho, likanyamaza. Kijiko akaita. Kimya. Mjomba akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya. Boti mbili zilikuwa zinaungua, watu wanajirusha majini. Mama Mawingu akapaza sauti: "Rubani anauliza! Pale kuna watu wetu au hakuna?"

Haraka haraka haina baraka, lakini kamwambie hivyo mtu anayeungua baharini. Mjomba akahesabu: moja ya Kijiko, mbili zangu. Tatu. Akapiga mstari.

"Hakuna," akasema.

Ndege ikaangusha mabomu kilimani, vioo vya madirisha vyetu vikatetemeka. Mizinga ikanyamaza. Boti zilizobaki zikapona, na mkuu wao akaja kumpigapiga Mjomba begani. Mjomba alikuwa anaukodolea macho mstari ule mwekundu. Ilikuwa ndiyo kwanza akili inamrudia. Kijiko alikuwa ameita kwa redio ya boti, na redio za askari wa nchi kavu hazikuweza kuusikia mwito ule. Kundi la Nne lilikuwa limeitwa mara mbili tu.

Zikapita dakika kumi na nne. Redio ya boti ikakoroma.

"Kaka."

Kijiko akajivuta nyuma na kiti chake. "Hiyo siyo boti," akanong'ona.

"Kaka, umeita mara mbili."

Kijiko akaizima redio. Sauti ikahamia kwenye redio ya ndege. Mama Mawingu akachomoa waya. Sauti haikukatika.

"Ita ya tatu. Tumepanga mstari."

"Usiitikie," Kijiko akamwambia. "Nakusihi, ndugu yangu. Wale hawana vinywa tena."

Mjomba alilia. Hakunificha: alilia kama mtoto mdogo. Angefanyaje? Alikuwa mdogo wake. Akabonyeza kitufe.

"Kundi la Nne. Nawaita mara ya tatu."

Wakaitikia. Mmoja mmoja. Jina, kisha "nipo". Mjomba akaandika kila jina na kulitia alama. Wa mwisho alikuwa mdogo wake. Kisha redio ikafa.

Akatazama daftari. Ukurasa ulikuwa mtupu.

Maiti waliletwa kesho yake. Daktari alisema wote walikufa kwa bomu la kwanza, palepale. Katika mfuko wa shati la mdogo wake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Majina kumi na tisa, kila moja na alama yake. Mwandiko wa Mjomba. Na juu kabisa, saa: dakika kumi na nne baada ya bomu.

Chini kulikuwa na jina la ishirini. La Mjomba mwenyewe. Halikuwa na alama.

Aliitunza karatasi hiyo miaka arobaini. Alinipa mkononi siku ile, nikaiona nafasi tupu kwa macho yangu haya mawili, nikaifungia kabatini kwangu, ufunguo ukakaa nami.

Alhamisi iliyopita, saa sita mchana, Mjomba aliinuka kitandani, akasema "nipo", akalala. Hakuamka tena.

Baada ya maziko nilifungua kabati. Jina la ishirini lilikuwa na alama. Nilipoigusa, wino ulinichafua kidole.