Mbao za Nyantende

Léopold, mfanyabiashara wa mbao, alikutwa asubuhi amelala kifudifudi ndani ya depo yake, ghala la mbao huko Kadutu mjini Bukavu, kisogo kimepasuka. Nyundo yenye damu ilikuwa miguuni pake.

Inspekta Marcellin aliipuuza nyundo kwanza. Alitazama rundo la mbao zilizofungwa tayari kusafirishwa. Mhimili mmoja wa mlango ulikuwa umevutwa nusu nje ya rundo. Ulikuwa mweusi kwa moshi wa jikoni, umechorwa kwa kisu mistari ya vimo vya watoto na majina yao: Yannick, Bintu, Destin.

Alimgeukia karani, Larissa.

"Tajiri wako alikuwa na adui?"

"Bukavu yote."

"Mlikuwa mnauza miti ya msituni. Mbao hizi kuukuu ni za nini?"

"Bakliya, banunuzi ba Bulaya, balikataa ile mupya. Serikali yabo ilitoa sheria: banunue mbao ilishatumika, ili misitu isiishe. Sasa patron alikuwa anatuma batu babomoe nyumba za bale balikimbia vita."

"Na huu mhimili?"

"Ulitoka Nyantende, kwa Maman Domitille. Jana alikuwa hapa."

Huko Nyantende, kijiji nje ya Bukavu, hakuna aliyemsalimu. Kwao, polisi wa mji ulioshikwa na waasi alikuwa mwasi tu. Mzee mmoja alitema mate karibu na kiatu chake. Juu ya msingi wa mawe usio na nyumba, chini ya turubai, mwanamke alikuwa akimenya mihogo.

"Maman Domitille? Yannick, Bintu na Destin ni watoto wako?"

"Balikuwa bangu. Balikufia ku njia, mu vita."

"Jana ulikuwa depo ya Léopold?"

"Ndiyo. Nilienda kuomba ule muti wa mulango tu. Ingine yote abebe. Akanicheka. Akasema bazungu banaipenda sababu ilishatumika. Nikamwambia, batoto bangu ndio baliitumia. Akanipa mugongo, aite sentinele, mulinzi wake, anitoshe inje."

"Ukafanya nini?"

"Nikakamata nyundo."

Marcellin alishusha kalamu.

"Kwa nini hukukimbia?"

"Mara ya kwanza nilikimbia, ndio bakabomoa nyumba."

Alimfunga pingu. Majirani walikuwa wameziba njia mbele ya gari la polisi, wengine wameshika majembe. Marcellin aliwaamuru wapishe, mara mbili, mkono ukiwa kwenye bastola. Hakuna aliyesogea.

"Mutupishe," Domitille alisema.

Ndipo wakapisha.