Kumeza Filimbi

Saa moja kasorobo asubuhi, mnara-mapafu wa Igoma Mpya uligeuza mdomo wake. Mdomo wenyewe ulikuwa mpana kama lango la shule, na kazi yake ilikuwa kupuliza hewa iliyochujwa juu ya mtaa mmoja mmoja, maana viwanda vilikuwa vingi na mnara ni huo huo mmoja. Hakuna mtu aliyeuongoza. Uliongozwa na vifua. Kila kijana mwenye pumu, kuanzia miaka kumi na miwili, alivaa kidani-pumzi shingoni. Kifua kikianza kupiga filimbi, kidani kinawaka taa nyekundu, kinampulizia dawa, kisha kinauambia mnara: hewa ya huku ni mbaya, geukia huku.

Asubuhi hiyo mdomo uliuacha mtaa wa kina Limi, ukaelekea ng'ambo ya reli.

"Umetupa kisogo," Limi alisema, amesimama dirishani.

"Si ndiyo vizuri?" mama yake alijibu kutoka uani, akikung'uta kanga aliyoianika jana. Vumbi la kijivu lilimrukia usoni. "Maana yake mmepona."

Limi alikigusa kidani chake shingoni. Alijua hawajapona.

Ilianza hivi. Taa nyekundu ikikuwakia, iwe uwanjani au nyumbani, sheria ya shule ni kwamba unatoka, unakaa benchi wiki nzima, na wenzako wanakuimbia, "King'ora huyo! Magari yapishe!" Limi alikuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete, miaka kumi na mitano, na fainali ilikuwa Jumamosi. Basi Ng'washi, kapteni wao, naye mwenye pumu, akavumbua namna. Unafunga mdomo, unashusha kidevu, unavuta hewa kidogo kwa pua, unahesabu mpaka nne kwa vidole, unaachia kidogo. Kidani kinadhani umetulia, kinabaki kijani. Wakaiita kumeza filimbi. Vijana kumi na mmoja wa mtaa ule walijifunza wote, na kwa wiki tatu hakuna taa iliyowaka.

Limi alijizoeza mbele ya kioo chumbani. Mdogo wake Kabula, miaka sita, alikaa kitandani akimtazama, naye anachezesha vidole vyake.

Siku ile ile mnara ulipogeuka, Kabula alianza kukohoa. Ijumaa hakumaliza uji. Alikaa amepandisha mabega kama mtu anayesikia baridi, na jua lilikuwa kali. Limi aliweka sikio mgongoni mwake. Aliisikia filimbi anayoifahamu, yake mwenyewe, ila nyembamba zaidi.

Alikimbia kwa Ng'washi. "Leo tuachie wote. Mnara urudi."

"Leo? Na kesho fainali? Tukiwaka leo, kesho timu nzima iko benchi!"

"Kabula anakohoa."

"Watoto wanakohoa, Limi. Mpe tangawizi."

Limi akaachia peke yake, pale pale mlangoni kwa rafiki yake. Taa ikawaka nyekundu, dawa ikampoza koo, na fainali yake ikawa imekwisha. Mnara haukutikisika. Kifua kimoja kati ya kumi na kimoja hakikuutosha.

Akaenda kwa fundi Shigela, mlinzi wa mnara, akamweleza yote bila kuficha. Mzee alivua kofia.

"Mnara hausikii maneno, binti yangu. Na usukani wa mkono waliung'oa zamani, walisema hautahitajika tena." Alifungua kabati, akatoa kidani kidogo. "Ila kifua kipya, ambacho haujawahi kukisikia, tena cha mtoto, kikilia tu unageuka. Nipeleke."

Walimkuta Kabula ameinama, mikono magotini. Alipoona kidani, uso ulimchangamka.

"Cha kwangu?"

"Chako, mjukuu wangu," fundi alisema, akamfunga shingoni.

Kabula alifunga mdomo. Akashusha kidevu.

Taa ikawaka kijani.

"Mbona mzima huyu?" fundi aliuliza, akigonga kidani kwa ukucha.

"Si mzima! Anameza!" Limi alipiga magoti mbele yake. "Kabula, achia. Usihesabu. Pumua tu unavyotaka."

Kabula alitikisa kichwa. Hatakaa benchi, yeye. Ngozi ya katikati ya shingo ilikuwa ikizama kila anapovuta, na kucha zake zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Kidani kilitulia kijani, bila dawa, bila neno.

"Kabula, nakuomba."

Mtoto alimtazama dada yake machoni, kama anayesubiri kusifiwa, akainua kidole cha tatu. Halafu, taratibu, cha nne.