Dani Akech Ana Nini na Meno ya Adero?

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Adero alichukua mswaki wake, akauchovya kwenye ndoo, akaukung'uta, akaurudisha kwenye kikombe. Kazi imekwisha! Dani akipita ataona mswaki umelowa, basi. Dani ndivyo Wajaluo wa Sirari wanavyomwita bibi, na huyu Dani Akech hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Usiku mchezo ulikuwa ule ule, tena Adero alipanda kitandani na pipi shavuni, zile ngumu ambazo mama yake alizinunua ng'ambo ya mpaka, Isebania, akawauzia madereva wa malori.

Sasa gego moja la chini lilianza kumuuma. Likiguswa na chai ya moto, weee! Lakini hakumwambia mtu. Angemwambiaje Dani, wakati Dani mwenyewe hakuwa na meno ya mbele ya chini? Zamani mtoto wa Kijaluo akikua aling'olewa meno sita ya chini, ndiyo ilikuwa mila. Dani aling'olewa, na akicheka pengo lake lilionekana wazi.

Na siku hizo Dani alianza vituko. Adero akipiga miayo, Dani huyo, ameinamisha shingo anachungulia.

"Mbona unatafunia upande mmoja, mjukuu wangu?"

"Hamna kitu, Dani."

"Hebu cheka nikuone."

Kucheka bila kichekesho! Adero alibana midomo, akaondoka zake.

Ijumaa asubuhi, akiwa nyuma ya jikoni, alimsikia Dani akimwambia baba yake, mzee Odongo, "Meno ya mtoto huyu hayanipi amani. Kesho nampeleka. Usimwambie, atakimbia."

"Sawa, mama," baba akajibu.

Moyo wa Adero ulimlipuka. Shuleni alimvuta pembeni rafiki yake Beatrice, akamnong'oneza, "Wanataka kuning'oa meno!"

"Nani anafanya hivyo siku hizi? Mwulize bibi yako."

"Nikimwuliza atajua nimejua."

Jumamosi Dani alisema wanakwenda sokoni. Sokoni bila kikapu? Adero alimfuata huku ameyatoa macho. Waliyapita malori yaliyopanga foleni kungoja forodha, wakalipita soko lenyewe, wakakata kona kwenye kituo cha afya. Hapo Adero akaikumbatia nguzo ya lango.

"Siingii! Sitaki kung'olewa kama wewe!"

Watu waligeuka. Dani alitaka kucheka, akajizuia.

"Kumbe ndivyo ulivyonifikiria?" Akamshika mkono taratibu. "Nimekuleta utibiwe. Nitakaa pembeni yako. Ukisema hapana, tunarudi nyumbani."

Adero akaiachia nguzo, wakaingia kwa Regina, daktari wa meno.

"Shikamoo, daktari," Adero alisema.

"Marahaba." Regina alimchungulia mdomoni kwa kioo kidogo. "Gego hili limetoboka. Bahati yako shimo halijaenda ndani sana, nitaliziba. Ungechelewa, tungeling'oa. Unapiga mswaki?"

"Ndiyo. Asubuhi na usiku."

"Kwa dawa ya meno?"

Adero alimtazama Dani, na aibu ikamjaa. Siku zote alimshuku bibi yake, kumbe mdanganyifu ni yeye.

"Naulowesha mswaki tu," alisema. "Halafu nalala na pipi mdomoni."

"Sukari ikikaa mdomoni usiku kucha, vijidudu huila na kutoa asidi inayotoboa jino," Regina alimweleza. "Sugua meno yote kwa dawa yenye floridi asubuhi na kabla ya kulala. Ukishasugua usiku, usile tena, kunywa maji tu."

Jino likazibwa. Njiani Adero aliuliza, "Dani, umenikasirikia?"

Dani alimshika mkono.

"Mimi nilishikwa kichwa na miguu, nikang'olewa nikilia. Hakuna aliyeniuliza. Mpaka leo mahindi ya kuchoma nawatazama wenzangu wakitafuna. Nilipokuona unatafunia upande mmoja niliapa hutapata pengo kama langu. Kumbe namlinda mtoto dhidi ya mtoto mwenyewe!"

Adero aliinamisha kichwa.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Meno yangu waliyaondoa watu wazima, sikuwa na la kufanya. Ya kwako, usipoyatunza kila siku, utayaondoa kwa mkono wako mwenyewe."