Mguu Juu ya Klachi

Majirani zangu, sijaja hapa kumwanika mtu. Yaliyotokea katika nyumba ile yananihusu na mimi. Mimi ndiye mshona viatu wa pale kona. Ukuta wao na wangu ni mmoja, na siku ya tukio nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma.

Ilikuwa nyumba tulivu, ya kutamanisha. Asubuhi ungemkuta Bibi kibarazani na gazeti, hata kama ni la wiki iliyopita, akimsomea kwa sauti mkwewe aliyekuwa anashona nguo pembeni yake. Bibi alisoma huku ameinamisha kichwa upande, kwa sababu macho yalikuwa yanamsumbua: presha ya macho, walivyomwambia hospitali. Mwanawe alikuwa uani anafuta vumbi gari lake, lile analopelekea mikate madukani. Mtu mpole, hajawahi kugombana na yeyote. Sisi mtaani tulimwita Haina Neno, maana hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu.

Bomba la jikoni lilipoanza kuvuja, alitia kitambaa ndani ya ndoo ili matone yasipige kelele.

"Umelitibu bomba au umeyatibu masikio yetu?" mkewe akamuuliza.

"Haina neno, mama watoto. Si tumelala vizuri?"

Tulicheka sana siku hiyo. Laiti tungejua.

Asubuhi moja gari likaanza kulia. Ukiliwasha tu, kabla hujaingiza gia yoyote, linanguruma kwa chini kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka. Wa kwanza kusikia alikuwa Bibi. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa malori, na mke wa dereva hujifunza mengi kwa kukaa kiti cha pembeni.

"Mwanangu, gari lako linasaga kitu."

"Haina neno, mama. Ni uzee."

"Uzee naujua, nina wangu. Hebu kanyaga klachi."

Akakanyaga. Kimya.

"Haya, achia."

Kelele ikarudi.

"Basi hilo liko ndani ya giaboksi," Bibi akasema. "Lingelia ukikanyaga, ningesema ni beringi ya klachi. Baba yako saa hizi angekuwa ameshalala chini ya gari."

Mkewe naye alikuwa ameona doa jeusi pale linapolala gari, kubwa kama sahani. Haina Neno akalimwagia mchanga. Fundi wa magari wa barabara ya sokoni alipolisikia likipita, alimsimamisha na kumwambia waziwazi, "Liache hapa nusu siku. Oili imevuja, beringi inasaga kavu. Leo kazi ni ndogo, nabadilisha sili, ule mpira unaozuia oili isivuje, na kujaza oili. Ukichelewa, itabidi tushushe giaboksi nzima."

"Nitalileta nikipata nafasi," akajibu. Ninyi mnaijua hiyo nafasi, haipatikani mpaka mtu aamue kuitafuta.

Lakini jambo moja alilishika vizuri, tena vizuri mno. Alishika kwamba ukikanyaga klachi, kelele inakoma. Kile ambacho mama yake alimwonyesha kiwe kipimo, yeye akakifanya dawa. Kwenye foleni, badala ya kutoa gia na kuondoa mguu, alikaa amekanyaga. Mguu ukazoea. Hata gari likitembea ukabaki palepale juu ya pedali, umelala kama paka juu ya mkeka.

Nami niliuona mguu huo. Mara mbili kwa wiki alikuwa ananipa lifti kwenda kuchukua ngozi, na njiani nilisikia harufu ya kitu kinachoungua polepole. Nilijua si kawaida. Lakini mdomo wa mtu anayepewa lifti ni mzito, jamani. Nilifungua dirisha, nikanyamaza.

Sasa sikilizeni. Bibi alikuwa amesubiri miezi minane apate siku ya kupasuliwa macho. Daktari wa upasuaji huo hakuwa wa hapa. Alikuwa anakuja kwa zamu, anapasua waliopangwa, anaondoka. Bibi alipangiwa siku, akaambiwa afike saa mbili asubuhi. Na hospitali, mnajua wenyewe, iko juu ya kilima.

"Tukodi gari lingine kwa leo," mkewe akasema asubuhi hiyo. "Hili silielewi."

"Nina gari mlangoni nikodi la mtu? Haina neno."

Bibi akapanda mbele na gazeti lake kwenye mkoba, mkwewe na mimi nyuma. Nilikwenda ili nisaidie kumshika kwenye ngazi. Barabara ya chini ilikuwa nzuri. Tulipoanza kupanda, injini ikapandisha sauti lakini mwendo ukashuka. Akaongeza mafuta, sauti ikapanda zaidi, gari likazidi kuchelewa, na moshi mweupe ukaanza kutoka chini pamoja na ile harufu niliyoifungulia dirisha wiki zote zile. Katikati ya kilima tukasimama. Gia ilikuwa imeingia, injini ilikuwa inanguruma, na magurudumu hayakuwa na habari.

Bibi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Saa ngapi?"

Mkwewe akashuka kusimamisha gari lolote linalopita.

Lori la mchanga ndilo lililotuokoa, ikiwa huko ni kuokolewa. Dereva wake alimbeba Bibi mikononi akamketisha mbele. Tulifika saa nne na nusu. Muuguzi alikuwa mtu wa huruma, hata machozi yalimlenga, ila nafasi ya Bibi alikuwa ameshapewa mgonjwa mwingine, na orodha ilikuwa imejaa mpaka jioni. Daktari atarudi baada ya miezi minne.

Pale kwenye korido mwanawe akapiga magoti mbele ya kiti chake. Nadhani ni mazoea tu yaliyomtoka mdomoni: "Haina neno, mama. Tutarudi."

Bibi akamshika uso kwa mikono miwili, akamsogeza karibu ili amwone.

"Hii ina neno, mwanangu. Ina neno tangu siku ile ilipoanza kulia."

Gari lilivutwa mpaka gereji. Fundi alipolifungua alituonyesha sahani ya klachi, imelika mpaka misumari yake inaonekana. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Ile beringi iliyokuwa inalia bado inazunguka. Ingekufikisha hospitali na kukurudisha. Klachi ndiyo iliyokuangusha, na klachi umeiua wewe kwa mguu wako, kwa kuinyamazisha beringi."

Haina Neno alikaa juu ya tairi kuukuu, akalia kama mtoto. Nami nikageuka, maana nilikuwa na aibu yangu.

Miezi minne ilipopita, jicho la kulia liliokolewa. La kushoto lilikuwa limeshazima, na jicho likizimwa na ugonjwa ule haliwashwi tena.

Siku hizi bomba la jikoni halivuji. Gari limetengenezwa, na kabla ya kuondoka mwanawe huliwasha, hutoa gia, huondoa mguu, kisha huuliza, "Mama, unasikia nini?" Bibi huinamisha kichwa, husikiliza taratibu, na hata kama ni mkate unaongojewa, utangoja. Lile jina la zamani hatumwiti tena. Alituomba tuliache.

FUNZO

Ndugu zangu, kelele si ugonjwa. Kelele ni mjumbe wa ugonjwa. Gari likilia, mtoto akilalamika, mke akisema, mzazi akiugua, usitafute namna ya kutosikia. Tafuta kinacholia. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na yule bwana aliijua methali hiyo kama ninyi mnavyoijua. Kuijua hakukumsaidia.

Na wewe unayekaa kiti cha nyuma, ukisikia harufu, sema. Mimi nilifungua dirisha, na leo nikipita kibarazani namkuta Bibi anasoma gazeti kwa jicho moja.