Sauti ya Kumwamsha Pilau

Vipoza, vimashine vidogo vya tiba, viliingia puani mwa paka kama vumbi la unga, maelfu kwa maelfu, na kwenye kioo cha ukutani ubongo wake ukaonekana: unawaka, mwekundu pande zote. Zamda alimvuta mwanawe Nuhu kifuani asione.

"Si sumu wala minyoo," alisema Daktari Kombo, aliyeziendesha mashine hizo ndogo katika hospitali ya wanyama ya Tanga Mpya. "Askari wa mwili wake wenyewe wamemgeuka. Wanaupiga ubongo, nao unavimba."

Tangu juzi paka wao Pilau alikuwa akizunguka sebuleni kama tiara iliyokatika uzi, kichwa upande, akijigonga ukutani. Leo degedege lilimshikia mapajani mwa Nuhu.

"Vidude hivi vitawazuia hao askari?" aliuliza Zamda.

"Vitawapoza. Ila uvimbe umeshatambaa, mama. Vipoza vinaweza kuzingira njia moja tu na kuilinda, kwingine kutazimika. Tunailinda njia inayowaka akisikia sauti ya mtu wake, halafu ubongo unajijenga upya kuanzia hapo. Mwite, upesi."

Zamda aliinama. "Pilau. Pilau wa mama, amka baba."

Cheche moja iliwaka, ikafa. Nuhu naye akaita, akaita, cheche ile ile ikawaka na kufa.

"Haitoshi," alisema Kombo. "Huyu paka ni wenu kweli?"

"Wetu! Analala kwetu, anakula..." alisema Zamda. Usiku alilala kwao, ndiyo. Mchana je? Mtaani kwao Chumbageni paka hana mlango mmoja. Huingia atakako, na kila nyumba humpa kichwa cha samaki na jina lake yenyewe. Na kila jioni Pilau alitokea upande wa Bi Hidaya, jirani ambaye Zamda hakusemezana naye tangu ule ugomvi wa maji machafu.

Akainua saa yake ya mkononi, akampigia.

"Shikamoo, Bi Hidaya. Ni Zamda."

"Marahaba. Leo umenikumbuka?"

"Bibi, nakuomba, yule paka wa rangi ya manjano..."

"Bwana Harusi? Yuko wapi? Dagaa wake wamepoa!"

Kioo kikawaka. Njia nyeupe ilikatiza wekundu ule toka sikioni hadi ndani kabisa.

"Hiyo hiyo!" Kombo alirukia mitambo, kisha mkono wake ukasita. "Lakini elewa, mama. Nikiilinda hii, yenu inazimika. Hatawajua tena. Hata mtoto."

Nuhu aliinua macho. "Mama, atapona?"

"Atapona, baba." Zamda akaisogeza saa karibu na sikio la paka. "Bi Hidaya, anakufa. Mwongeleshe. Mtukane, mwimbie, chochote, ila usinyamaze."

Bibi akaanza: "We Bwana Harusi, mhuni mkubwa we! Unataka kuniacha mjane mara ya pili? Thubutu!"

Akamsema, Kombo akiilinda njia ile, hadi wekundu ukaanza kufifia.

Paka alipofumbua macho, kichwa kilikuwa kimenyooka. Nuhu alimnyooshea kidole. "Pilau!" Paka akakinusa kama anavyonusa cha mgeni, akageuka kuitafuta sauti iliyokuwa ndani ya saa.

Midomo ya mtoto ikaanza kucheza. Zamda akapiga magoti kando yake, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Hakujui, mwanangu. Mwambie jina lako," alisema. "Taratibu, usimtishe."

Nuhu akavuta pumzi. "Naitwa Nuhu."