Heliamu kwenye Barabara ya Nhica

Risasi ya tatu ilipasua kioo cha Land Cruiser. Nafisa, ofisa wa usalama, hakupunguza mwendo.

Mbele yake lori la Scania lilitimua vumbi kuelekea Nhica do Rovuma. Kilomita nane tu, kisha mto, kisha mpaka. Ndani ya kontena lake mlikuwa na mtambo wa kusoma gesi iliyolala chini ya bahari, ulioibwa asubuhi ile Palma. Alikuwemo pia Mhandisi Cândido, mguu umefungwa mnyororo, autunze mtambo usife njiani.

Kruse, jasusi wa kigeni aliyekuwa akifyatua risasi kutoka kwenye lori, alivitaka vyote viwili.

Redio ikakwaruza.

"Nafisa, unanisikia?" Cândido alikuwa ameificha redio yake ndani ya buti.

"Nakusikia, kaka. Vumilia."

"Mtambo unapozwa na heliamu, gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika. Inapita kwenye vijia vyembamba kama sindano, inabeba joto kimyakimya, haichemki. Ila ina kikomo. Joto likizidi, yote inachemka kwa mpigo, na kishindo chake kitasimamisha lori."

"Joto tulitoe wapi?"

"Kuna hita ya majaribio hapa. Nikiiwasha, mtambo kwisha."

"Na wewe?"



"Gesi itafukuza hewa. Nitakuwa na labda dakika mbili."

Ijumaa Nafisa alikula wali nyumbani kwa mtu huyu. Alitafuta njia nyingine, akaikosa. Kilomita tano.

"Heliamu hupanda juu," alisema. "Lala chini, pua kwenye ufa wa mlango. Washa."

Sekunde kumi. Ishirini. Arobaini.

Kishindo!

Moshi mweupe ulifumka kutoka kila upenyo wa kontena. Dereva alishtuka, akakata usukani, lori likalala mtaroni. Kruse aliruka nje na bastola. Nafisa alimwahi, bastola yake ya Makarov ilibweka mara moja, Kruse akaanguka ameshika bega. Dereva alishatokomea vichakani.

Risasi yake ya pili ilivunja kufuli la kontena.

Cândido alikuwa mlangoni kifudifudi. Midomo ya bluu. Hapumui.

"Usinifanyie hivi, kaka!"

Alimgeuza, akamkandamiza kifua. Akampulizia. Akakandamiza tena, machozi na jasho vikimdondoka.

Cândido akakohoa.

"Taratibu," alisema, kwa sauti ya kipanya. "Mbavu zangu."

Nafisa alicheka huku analia. Alimtia Kruse pingu, akajibu redio ya gari.

"Mtambo vipi?" chefe, mkuu wake, aliuliza.

"Umekufa."

"Nafisa! Amri ilikuwa mtambo kwanza—"

Akazima redio, akamfungua Cândido mnyororo kwa ufunguo wa Kruse, akamshika kiunoni, wakaondoka polepole kwenye jua.