Umefungua Kinywa?

Jua lilikuwa bado halijagusa mapaa ya Ngamiani pale Kipepeo kilichobandikwa shingoni mwa Bi Sikudhani kilipotikisa mbawa zake na kusema, kwa sauti ya mtoto aliyelelewa akaleleka, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Umefungua kinywa?"

"Bado."

Rafuni, kisanduku kilichoitwa Kiota kikaanza kunguruma kama paka aliyeshiba. Punde kikatema kidonge kimoja, kingali vuguvugu, kilichotengenezwa kwa ajili ya asubuhi ile na mwili ule tu. Bi Sikudhani akaweka chini kikombe chake cha kahawa, akameza kidonge kwa maji, kisha akawageukia watu waliojaa barazani kwake na kuuliza walikuwa wamefika wapi na habari ya posa ya Zaituni, binti wa mtaani.

Kipepeo kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu. Kilikaa pale pale ilipokuwa tezi ya shingo ya Bi Sikudhani kabla madaktari hawajaitoa pamoja na rovu lake, ule uvimbe wa shingo. Tezi ile kwa kila mtu ina umbo la kipepeo, na kazi yake ni kushika mwendo wa mwili kama mpiga ngoma anavyoshika mwendo wa wachezaji. Ikilegea, mtu huzubaa, husikia baridi mchana kweupe, hunenepa hata kwa maji matupu. Ikizidi, moyo hukimbia, jasho humwagika, usingizi huhama. Aliyetolewa tezi hana budi kumeza homoni yake maisha yote. Zamani watu walimeza kipimo cha kukisia na kuombea kiwafae. Kipepeo kilikuja kuondoa kukisia: kilipima joto, moyo, usingizi na damu, kisha kikakiambia Kiota kipike dawa kiasi gani.

Aliyekibuni hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa Mwantumu, mhandisi wa vyombo vya tiba pale pale Tanga, binti wa kaka yake Bi Sikudhani. Shangazi ndiye aliyemlea, katika nyumba ambayo watu walisema haina mlango, maana haukuwahi kufungwa. Kila alfajiri majirani walijaa barazani kunywa kahawa ya Mzee Kombo, aliyezunguka na dele lake la shaba akigonga vikombe. Manispaa iliwahi kuleta roboti la kuuza kahawa mtaani. Lilimimina vizuri, halikumwaga tone, lakini halikuwa na habari ya mtu yeyote, basi watu wakalikimbia, na mwishowe likahamishiwa bandarini.

Sasa, tangu apasuliwe, Bi Sikudhani hakuwa yule wanayemjua. Alikuwa mzito. Alijifunika shuka Januari. Siku moja alisinzia katikati ya habari ya talaka, tena talaka ya watu anaowafahamu, na hapo ndipo shoga yake, Bi Mashavu wa nyumba ya pili, alipoogopa kwelikweli. Kipepeo kiliona pia. Kikaongeza dawa kidogo, kisha kidogo tena, na tena. Nafuu ikaja kwa kuchungulia tu.

Lakini kiliona na jambo jingine. Kila watu walipojaa barazani, moyo wa mgonjwa uliruka. Kikazijumlisha habari zake, kikamtumia Mwantumu taarifa: mgonjwa anachoshwa na watu, apewe utulivu.

Mwantumu alikuja mwenyewe. Hakutuma ujumbe, kwa sababu kumfungia shangazi yake mlango si jambo la kutuma. Aliwapigia magoti majirani mmoja mmoja, akawaeleza habari za moyo na tezi, akawaomba wampumzishe kwa muda. Wakakubali, nani anataka kuambiwa kuwa maneno yake yameua mtu? Mlango ukafungwa. Mzee Kombo akawa anapita mbele yake bila kugonga vikombe, kama apitaye penye matanga. Mwantumu alipomwambia shangazi yake kwamba anaweza kujipikia kahawa ndani, Bi Sikudhani alimtazama kwa huruma.

"Kahawa ya kunywa peke yako ni dawa," alisema. "Na dawa ninazo."

Utulivu ukaanza kazi yake. Bi Sikudhani, aliyekuwa akisikia baridi, akawa anatoka jasho chini ya feni. Mikono ilimtetemeka hata uji ukamwagika kabla haujafika mdomoni. Nywele zilibaki kwenye chanuo. Usiku alihesabu boriti za dari, na moyo ulimwenda mbio kama mtu anayedaiwa jibu. Hasira nazo zikaja, yeye ambaye hata mwizi wa kuku alimpa maji ya kunywa. Siku moja aliligombeza roboti la kufagia ua mpaka likajificha nyuma ya pipa, kisha akalifuata huko, akalia, akaliomba radhi.

Kipepeo kilisema utulivu haujatosha. Hakikuwa kinadanganya, kilisema kwa kadiri ya ujuzi wake. Kipimo ambacho Kipepeo kilikiamini zaidi ya vyote ni ule ujumbe ambao ubongo hutuma ili kuiamrisha tezi, na ujumbe huo hubadilika polepole, kwa majuma, kama habari ya msiba iliyotumwa kwa miguu. Kwa hiyo kilikuwa kinasoma hali ya juzi na kutibu ya leo.

Mwantumu, macho mekundu kwa kutolala, akaamua lililobaki. Kule Lushoto, juu milimani, palikuwa na Nyumba za Utulivu zilizojengwa kwa ajili ya wagonjwa wa namna hii. Palikuwa na hewa baridi na kimya, na wageni waliwasalimia wagonjwa kutoka upande wa pili wa kioo. Shangazi angekaa huko mpaka moyo utulie, na nyumba ya Ngamiani ingefungwa. Itafunguliwa lini, hakuna aliyejua.

Bi Sikudhani hakubisha. Alikunja kanga zake taratibu kwa mikono ile inayotetemeka, kisha akasema, "Mwantumu, mimi siogopi kufa, mwanangu. Naogopa kufa bila kujua Zaituni ameolewa na nani."

Asubuhi ya safari, mtaa ukakataa. Si kwa fujo. Walikuja tu, kabla ya mwanga, wakasimama mlangoni, na Bi Mashavu akamwambia Mwantumu kwamba kutibiwa ni sawa, lakini mtu haondoki mjini bila kuagwa kama mzigo wa mkonge. Mwantumu akawapisha. Mlango ukafunguliwa. Baraza likajaa, Mzee Kombo akakaa na dele lake, vikombe vikaanza kuzunguka. Bi Sikudhani alishindwa kushika chake, basi Bi Mashavu akawa anamnywesha huku akimtania kwamba huko milimani atalishwa mapeasi mpaka mashavu yake yaaibishe ya watu wenye jina hilo. Bi Sikudhani akacheka. Mwantumu alikuwa amesahau lini alimsikia akicheka mara ya mwisho.

Mbawa zikatikisika shingoni.

"Shikamoo, Bibi. Umefungua kinywa?"

"Bado, mwanangu."

Kiota kikaanza kunguruma. Mwantumu, aliyekuwa amebeba begi, akasimama.

"Shangazi. Hicho unachonyweshwa ni nini?"

"Kahawa. Umeanza kupofuka?"

"Umeshakunywa vingapi?"

"Nani anahesabu kahawa?"

"Mbona umekiambia Kipepeo bado?"

Bi Sikudhani akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyepelekwa shule ya mbali akarudi amesahau lugha ya nyumbani. "Kwa sababu bado. Kufungua kinywa ni kula. Kitumbua, mkate wa kumimina, kitu kinachokaa tumboni. Kahawa si kufungua kinywa. Kahawa ni kuamkia watu."

"Na siku zote, kabla hatujafunga mlango, ulikuwa unakunywa hivi, kabla ya dawa?"

"Tangu kabla hujazaliwa."

Mwantumu akaketi juu ya begi. Kilimjia akilini kikao kile cha wahandisi, walipokuwa wakitafuta maneno ya kukifundisha Kipepeo. Mwenzake mmoja alitaka kiulize, "Tumbo lako ni tupu?" Yeye ndiye aliyekataa. Alisema huwezi kumwuliza mkubwa wako habari za tumbo lake mbele za watu. Tuseme "umefungua kinywa," ndiyo adabu. Wakampigia makofi.

Akawaeleza, sauti ikimtoka nusu kicheko nusu kilio. Kahawa huishika dawa ile tumboni, ikaizuia kuingia mwilini. Kipepeo kikaona dawa haifiki, kikaongeza, na kuongeza. "Tulikuwa tunausukuma mlango kwa bega kwa sababu umefungwa kwa ndani," alisema. "Nilipowafukuza watu, kahawa ikakoma, mlango ukafunguka ghafla, tukakuangukia wote. Kutetemeka kwako, jasho, hasira, vyote ni dawa iliyozidi. Nimekufanyia haya mimi, shangazi."

Mzee Kombo akaanza kuvikusanya vikombe, kimoja kimoja.

"Na ule moyo kuruka watu wakijaa?" aliuliza Bi Mashavu, maana lile la kuua kwa maneno lilikuwa bado linamchoma. "Hiyo nayo kahawa?"

Mwantumu akafuta macho. "Hiyo ni furaha, mama. Sikukipa Kipepeo neno lake."

Begi likarudi ndani. Daktari alipunguza kipimo siku ile ile, ingawa mwili haukusamehe haraka. Mikono ilichukua majuma kutulia, nywele zaidi. Mwantumu hakukaa kungoja. Kama shangazi yake alisema bado na kikombe mkononi, je, wengine? Alipanda Lushoto mwenyewe, akawakuta wazee wa Pangani, wa Mombasa, wa Bagamoyo, kila mmoja na Kipepeo shingoni, wamekaa nyuma ya vioo vyao, wametulia tuli, vidole vikitetemeka mapajani. Aliwasalimia mmoja mmoja na kuwaomba radhi, akasimamia warudishwe makwao. Bibi mmoja alimwuliza kama huko nyumbani watu bado wanakuja.

Ngamiani, baraza lilikata shauri lake bila mhandisi. Dawa yahitaji saa nzima kabla ya kahawa, basi kahawa ya mtaa mzima itangoja. Mzee Kombo alilalamika kwamba makaa yake yataisha, akaambiwa aongeze makaa. Swali nalo wakalitunga wao, wakibishana mpaka jua likapanda. Sasa Kipepeo huuliza, "Bibi, kuna kilichopita kooni zaidi ya maji?" na kabla mwenyewe hajafungua mdomo, wao hujibu kwa pamoja kwamba bado, wameshika vikombe vitupu, wakila umbea mkavu.

Mwantumu huzipokea taarifa za Kipepeo kila asubuhi, ofisini kwake. Joto, usingizi, damu, vyote vinarudi mahali pake. Na kila siku, saa ile kahawa ingali ndani ya dele, moyo wa shangazi yake huruka. Zamani palikuwa pakiandikwa hatari. Siku hizi Kipepeo huandika neno alilokipa: wamefika.